Viumbe wa kutisha wa Waslavi walikuwa watoto wa kijiji hichohicho

Wengi wetu Baba Yaga tumemjulia kwenye ile muvi ya Kimarekani ya muuaji wa kukodiwa aliyeuliwa mbwa wake, mle ndani jina hilo amepewa mwanaume wa suti nyeusi mwenye bastola, na tangu hapo ukiingia YouTube kwenye zile video za "viumbe 10 wa kutisha wa Warusi" unakuta mambo yamevurugika kabisa. Baba Yaga ni bibi kizee. Anakaa msituni kwenye kibanda kinachosimama juu ya miguu ya kuku, uzio wake ni mifupa ya watu na juu ya nguzo kuna mafuvu, akisafiri anakaa ndani ya kinu, anajisukuma na mchi, huku nyuma anafuta njia yake kwa ufagio. Na sio kila mara anakula watu, kuna hadithi nyingi tu ambazo kijana akifika mlangoni akaongea vizuri anapewa chakula, anapashiwa maji aoge, anaelekezwa njia na hata farasi anapewa. Ila sikiliza anavyoelezewa akiwa amelala: amekijaza kibanda chote, kichwa pembe hii miguu pembe ile, pua imegusa dari, na mguu wake mmoja ni mfupa mtupu. Vladimir Propp, yule mtaalamu wa ngano wa Leningrad, aliandika mwaka 1946 kwamba huyo ni maiti, kibanda kimembana kama jeneza, na kiko pale mpakani kati ya walio hai na waliokufa. Mimi nilipoisoma hiyo hoja yake ndo nikaanza kuwaangalia hawa viumbe wengine wote upya.

Kwa sababu tunachouziwa siku hizi ni majitu ya porini. Yaani Warusi, Waukraine, Wapolandi, Waserbia na ndugu zao wengine wa Kislavi wanaonekana kama watu waliozungukwa na madude yenye meno yanayotoka gizani kuja kula watu, basi. Sasa kaa na masimulizi yenyewe, yale yaliyokusanywa vijijini karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, utaona wale wanaoogopwa kuliko wote hawatoki porini. Ni binti wa fulani. Ni mtoto wa jirani ambaye hata jina hakupewa. Ni baba mwenye nyumba ile pale aliyezikwa juzijuzi tu. Na wengi wao wamekuwa vile walivyo kwa sababu kijiji kiliwanyima maziko, halafu hichohicho kijiji kikaanza kuwaogopa.

Hapa lazima nitenganishe makundi mawili maana yanachanganywa sana na ndo chanzo cha kupotoka.

Kundi la kwanza ni wenye mahali. Leshy ndo mwenye msitu, Vodyanoy mwenye maji, hasa pale kwenye bwawa la kinu cha kusagia nafaka, Domovoi mwenye nyumba, Bannik mwenye banya, halafu Poludnitsa yeye ni mwenye saa sita mchana shambani. Hawa wanatisha ndio, lakini ni wa kuishi nao, unajua wanataka nini na ukikosea unajua umekosea wapi. Leshy anakuzungusha msituni mpaka unarudi palepale ulipotoka, dawa yake unavua nguo unazigeuza ndani nje, kiatu cha kushoto unavaa kulia, njia inaonekana. Domovoi usiku anaweza kukukalia kifuani ukaamka huwezi hata kunyanyua kidole, kile sisi tunachosema mtu amekabwa na jinamizi, na watu wa vijijini Urusi walikuwa wanamuuliza palepale, ni kwa heri au kwa shari? Wakisikia pumzi ya joto basi ni heri.

Bannik nitakaa naye kidogo. Banya ni kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, na zile za zamani vijijini nyingi hazikuwa na bomba la moshi, moto unawashwa ndani, mawe yanapata moto, moshi unajaa chumba kizima mpaka kuta zinakuwa nyeusi tii, kisha unafungua mlango moshi utoke ndo watu waingie. Sheria zake zilikuwa hizi: usiingie peke yako, usiingie usiku wa manane, na wakishaoga watu awamu mbili tatu, awamu inayofuata ni ya Bannik, unamwachia maji kidogo na sabuni na kifungu cha matawi ya mbetula cha kujipigia mgongoni, unaondoka. Atakayekaidi atakutwa amekufa mle ndani, wakati mwingine ngozi imebabuka. Sasa chumba kimefungwa, makaa bado yanafuka na mtu amechoka kwa joto, hiyo ni gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu kwetu wanaolala na jiko la mkaa ndani madirisha yamefungwa, haina harufu, haina rangi, unalegea tu. Halafu banya ndo palikuwa mahali wanawake wengi wanajifungulia kwa sababu pana joto na maji na faragha, na sheria ilikuwa mzazi asiachwe humo peke yake hata dakika moja kwa ajili ya Bannik. Mwanamke aliyetoka kujifungua muda huohuo, anaweza kuanza kuvuja damu wakati wowote, kwenye chumba chenye hewa mbaya. Hebu niambie hiyo sheria ina ubaya gani.

Poludnitsa naye hivohivo. Mwanamke wa nguo nyeupe anayepita mashambani saa sita mchana kipindi cha mavuno, akikukuta bado unavuna anakukamata kichwa anakisokota. Wasorbi, hawa ni Waslavi wachache waliobaki mashariki mwa Ujerumani sehemu inaitwa Lusatia, wao wanasema anakuja na mundu mkononi na anakuuliza maswali, na ukitaka kupona inabidi umsimulie habari za kitani kwa saa nzima bila kukatika, kinavyopandwa, kinavyong'olewa, kinavyolowekwa, kinavyopondwa na kuchanwa, nyuzi zinavyosokotwa, kitambaa kinavyofumwa mpaka kinakuwa shati. Ukikatika katikati kichwa chako ni halali yake. Mtu akishapigwa na jua kali kupita kiasi mwili ukashindwa kujipoza, moja ya dalili za mwanzo ni kuchanganya maneno, anaanza sentensi hamalizi, kwa hiyo kwangu mimi hilo jaribio la kuongea bila kukatika limewekwa na watu waliowaona wenzao wakianguka. Na kuna kitu kingine nakiona hapo. Kwenye shamba la bwana, enzi ambazo mkulima alikuwa mali ya mwenye ardhi, huwezi kumwambia msimamizi mimi nimechoka nataka kivuli, ila unaweza kumwambia Poludnitsa anapita saa hizi, na hata msimamizi naye alilelewa na bibi aliyemsimulia hayohayo.

Wachambuzi wengi wakifika hapa wanafunga daftari. Kila kiumbe kina sababu yake, joto, gesi, kupotea, kuzama, imeisha hiyo. Kwa kundi hili nakubaliana nao kabisa. Tatizo ni kwamba wanachukua ufunguo huohuo wanaenda kufungulia mlango mwingine. Hatari ya mto inaeleza kwa nini watu waogope mto, sawa, lakini haielezi kwa nini kitu kinachokungoja mtoni kiwe na sura ya msichana wa miaka 17 mliyecheza naye utotoni.

Aliyelieleza hilo vizuri kuliko wote ni Dmitry Zelenin, mwanaetnografia wa Kirusi, kwenye kazi yake ya mwaka 1916. Alionesha kwamba kwa wakulima wa Urusi wafu hawakuwa kundi moja. Kuna waliokufa kwa uzee wao, hao ni wazazi, wanaheshimiwa, siku zao zikifika unawapelekea chakula makaburini unakaa nao. Halafu kuna waliokufa kabla ya siku zao: aliyezama, aliyejinyonga, aliyeuawa, aliyekunywa pombe mpaka akafa, mtoto aliyekufa bila ubatizo, na mchawi pia anawekwa humo. Imani ilikuwa kwamba kila mtu amekatiwa miaka yake, na aliyekufa kabla haijaisha hana pa kwenda, anaimalizia hapahapa, pale alipofia au pale alipotupwa. Na ardhi haimtaki. Ukimzika anarudi juu, au haozi, au ardhi inakasirika inaleta baridi ya ghafla na ukame. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo hachimbiwi kaburi kama wengine, analazwa kinamasini au korongoni nje ya kijiji, anafunikwa na matawi na miti, na kila anayepita pale anatupia tawi lake.

Hapa ndo hoja yangu inaposimama. Kwanza wanamnyima shimo, kisha wanashangaa mbona anatembea.

Na huu sio uzushi wa juzi. Serapion, askofu wa mji wa Vladimir huko Urusi aliyefariki mwaka 1275, kwenye moja ya mahubiri yake anawagombeza waumini wake kwa sababu wakati wa njaa walikuwa wanafukua maiti za waliozama na walionyongwa wakiamini ndo wameleta janga. Anawauliza hivi hiyo ndo toba yenu? Tuko karne ya 13 hapo, Wamongolia wameshapita wamechoma miji, watu wana njaa, halafu anayetafutwa kuwa mkosaji ni mtu aliyezama mtoni. Askofu aliona kabisa kwamba kilicho cha kutisha pale ni wale wenye majembe.

Halafu kuna zile nyumba za wafu za Urusi ya zamani, ziliitwa nyumba za mafukara. Nje ya mji kulikuwa na shimo kubwa limejengewa kibanda juu, na kila aliyekufa vibaya, aliyezama, aliyeuawa njiani, aliyeganda kwa baridi, mgeni asiye na ndugu, alipelekwa humo bila ibada akawekwa juu ya wenzake. Wanakaa humo miezi. Mpaka ifike Semik, Alhamisi ya wiki ya saba baada ya Pasaka, ndo padri anakuja, na watu wa mji wanakuja na majeneza na sanda walizoshona wenyewe, wanaingia kwenye lile shimo wanawatoa wale watu wasiowajua, wanawaosha na kuwavisha, na kuwazika. Jaribu kufikiria harufu ile mwezi wa tano au wa sita. Walifanya hivo kwa hiari yao kama sadaka, matajiri na maskini. Mimi sehemu hii inaniuma na inanipa heshima kwa wale watu kwa wakati mmoja, kwa sababu inaonesha walijua, ndani kabisa walijua kuwa wale walidhulumiwa kitu na lazima siku moja ya mwaka walipwe.

Na angalia kalenda. Wiki hiyohiyo ya Semik na Utatu Mtakatifu ndo wiki ya rusalka, wakati ambao rusalka wanatoka majini kuja mashambani na misituni.

Rusalka tumeshaharibiwa naye sana, watu wanamchora na mkia wa samaki kama nguva. Huyu ana miguu. Ana nywele ndefu hazijasukwa, ngozi imepauka, Ukraine na Belarus wanamsimulia ni mrembo, kaskazini mwa Urusi wanamsimulia ni mbaya na wa kutisha, anabembea kwenye matawi ya mbetula, anakimbia kwenye mashamba ya nafaka, na akimpata mtu anamtekenya mpaka afe. Wiki yake hakuna kuogelea, hakuna kufua mtoni, ukitembea unabeba pakanga kwa sababu harufu yake haiwezi. Ni nani? Wanavijiji wenyewe walijibu bila kuzunguka: ni wasichana waliozama kabla hawajaolewa, wengine kwa ajali, wengine walijitupa, na kanisa kwa anayejiua halikuwa na ibada ya maziko. Ni msichana aliyekatishwa, hajafika kwenye ndoa wala watoto, na hata kwenye makaburi ya wazazi wake hakufikishwa. Na nadhani kitu ambacho wasimuliaji wa leo wanakiacha ni hiki: wiki hiyohiyo ya kumwogopa, wanawake wa Ukraine na Belarus walikuwa wanamtundikia vipande vya kitani kwenye miti, ili ajivike, maana yuko uchi na ana baridi. Mtu gani anamshonea nguo jini? Hiyo ni nguo ya binti yako, ni sanda iliyochelewa.

Watoto ndo wanauma zaidi. Ukraine waliamini mtoto aliyekufa bila ubatizo anakuwa potercha, roho inayoruka ruka ikilia kuomba ubatizo, na ana miaka 7 tu ya kuomba, asipopata katika hiyo miaka anageuka kuwa mavka, ambaye kwa mbele ni binti mzuri lakini mgongo hana, ukimwona kwa nyuma unaona matumbo yake. Basi mtu ukipita ukisikia sauti hiyo inatakiwa uvue kitambaa chako au uchane kipande cha nguo ukirushe, useme nakubatiza, Ivan au Maria, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Majina mawili kwa sababu hujui ni wa kike au wa kiume. Mama yeyote aliyezika kichanga kule nyuma ya uzio alijua maneno hayo, na nina uhakika wengi waliyasema wakati hakuna sauti yoyote iliyosikika. Kusini kwa Waserbia huyo mtoto anaitwa drekavac, analia usiku kwa mlio wa kukatisha tamaa, na siku hizi kwenye mitandao wameshamchora kama mnyama mwenye makucha.

Sasa twende Serbia hasa, kwa vampaya, kwa sababu yeye ndo ana makaratasi ya serikali.

Mwaka 1718 Austria iliwanyang'anya Waturuki sehemu ya kaskazini ya Serbia, wakapeleka maofisa wao. Mwaka 1725 ofisa mmoja, Frombald, aliitwa kijiji cha Kisiljevo. Mkulima Petar Blagojević alikuwa amekufa wiki 10 nyuma, na ndani ya siku 8 wakafa watu 9, wazee kwa vijana, kila mmoja ameugua saa 24 tu, na kabla ya kukata roho walisema Petar amewajia usingizini akawalalia na kuwakaba koo. Mke wake akasema alikuja nyumbani anadai viatu vyake, na mama wa watu akahama kijiji. Frombald akajaribu kuwaambia subirini niandike Belgrade nipate kibali, wakamwambia usipokuja kuangalia leo sisi wote tunahama, maana enzi za Waturuki kuna kijiji kizima kiliisha kwa jambo kama hili. Akaenda na padri. Wakafukua. Mwili haujanuka, ngozi ya juu imetoka na chini kuna mpya, ndevu na kucha kama zimeota, mdomoni kuna damu. Wakamchoma kigingi kifuani, damu ikatoka mdomoni na masikioni, wakamteketeza kwa moto. Frombald akamalizia ripoti kwa kuomba kwamba kama kuna kosa alaumiwe umati uliopagawa kwa woga, sio yeye. Tarehe 21 Julai 1725 ikachapwa kwenye gazeti la Vienna, na neno vampaya likaanza safari ya Ulaya nzima.

Tunajua leo kwamba hayo yote waliyoyaona ni mwili unaooza kawaida, gesi inajaa tumboni inasukuma majimaji mekundu mpaka mdomoni, ngozi ya juu inachubuka, nyama zikisinyaa kucha zinaonekana ndefu. Sawa. Lakini kile kiatu kimebaki. Petar hakuja kama popo, hakuja kama bwana wa ngome, amekuja kama mume anayedai kitu chake kwa mkewe. Ugonjwa uliowaua wale 9 ungeweza kupewa sura yoyote duniani, na kijiji kikachagua sura ya jirani aliyekufa karibuni.

Miaka 7 baadaye, Januari 1732, daktari wa jeshi Flückinger akatumwa kijiji kingine, Medveđa, ambako vifo vilianzia na mtu anaitwa Arnold Paole aliyevunjika shingo kwa kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa majani. Ripoti yake ni orodha ya makaburi yaliyofunguliwa, mmoja baada ya mwingine, jina, umri, hali ya mwili. Humo ndani yupo Stana, miaka 20, amekufa miezi miwili nyuma kwenye uzazi. Na imeandikwa kwamba mtoto wake, aliyefariki mara baada ya kuzaliwa, alizikwa ovyo ovyo mpaka mbwa wakamla nusu. Daktari amelipita hilo kwa mstari mmoja akaendelea na uchunguzi. Mimi sikuweza kulipita. Mama na mwanawe, wa kwanza wanamfukua kuangalia kama ni vampaya, wa pili hawakumchimbia hata shimo la kumtosha, na sisi miaka karibu 300 tunasimulia kwamba hatari pale ilikuwa Stana.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba labda waliogopwa wageni, wapita njia, watu wa kuja. Hapana, imepimwa. Drawsko, Poland, kuna makaburi ya karne ya 17 na 18 ambayo baadhi ya maiti zimewekewa mundu shingoni au tumboni, ili akinyanyuka ajikate. Watafiti wakapima kemikali za meno yao, kwa sababu meno yanatunza alama ya maji na chakula cha mahali ulikokulia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha wale wenye mundu walikulia palepale. Ila nikiri kwamba sio wote walikuwa maskini waliotupwa. Mwaka 2022 huko Pień, pia Poland, watu wa Chuo Kikuu cha Nicolaus Copernicus walimfukua msichana wa karne ya 17 mwenye mundu shingoni na kufuli kwenye kidole gumba cha mguu, na kichwani alikuwa na mabaki ya kofia ya hariri. Huyo alizikwa na heshima zake na kufuli juu. Kwa hiyo umaskini peke yake hautoshi kueleza, kilichotosha ni kuwa kifo chako kimewaacha watu na deni au na wasiwasi ambao hawakujua waufanyie nini.

Hivyo nikiona vampaya wa vitabu na sinema, yule Dracula wa Bram Stoker wa mwaka 1897 na ukoo wake wote, naona amegeuzwa kabisa. Amekuwa tajiri, ana cheo, ni mgeni anayekuja kwa meli kutoka nchi ya mbali. Msomaji wa London alipewa nafasi ya kumwogopa mtu wa kuja. Mkulima wa Kisiljevo hakuwa na nafasi hiyo, yeye aliyemwogopa alikuwa wa mtaani kwake na alikuwa amekula naye.

Serikali zilijaribu kuzuia. Mwaka 1755, mpakani mwa Silesia na Moravia, maiti ya mwanamke anaitwa Rosina Polakin ilifukuliwa na kuchomwa, ndugu zake wenyewe wakilazimishwa kuiburuza kutoka makaburini, na malkia Maria Theresa wa Austria alipopata habari akamwuliza daktari wake Gerard van Swieten, naye akaandika kuwa yote ni ujinga na woga, ikatoka amri marufuku kufukua na kuchoma maiti. Urusi mwaka 1771, enzi ya malkia Catherine II, zile nyumba za mafukara zikafungwa, ikawa waliokufa vibaya wazikwe makaburini kama watu wengine. Amri nzuri zote mbili, na naziunga mkono.

Lakini kijijini mambo hayakuisha, na sehemu moja yaligeuka yakawa mabaya zaidi, kwa sababu sasa yule aliyejinyonga kalazwa katikati ya wazazi na ile siku ya Semik ya kumwosha na kumvisha haipo tena. Karne ya 19 yote, mvua ikikata kwenye nyika za mkoa wa Samara na Saratov, wanaume walikuwa wanaenda usiku kufukua kaburi la mlevi au la aliyejinyonga na kuutupa mwili mtoni au korongoni, wengine wakishtakiwa kwa hilo. Imani yao ilikuwa kwamba huyu wa chini ana kiu na anainyonya mvua yote kabla haijafika shambani, na kwa mtazamo wangu hapo ndo alipo upir, yaani vampaya kwa jina lake la Kislavi, yule wa kweli wa Waslavi, kwenye kiu, kabla watu wa magazeti hawajamfanya wa damu tu. Sehemu nyingine hawakufukua. Walitoboa kaburi kwa mti mrefu, wakapanga mstari kutoka mtoni, wakammwagia maji ndoo baada ya ndoo mpaka ardhi ikakataa kupokea zaidi, wakarudi nyumbani kungoja mawingu, na yeye wakamwacha alale palepale katikati ya wengine.